Usukani na Hasira: Mwongozo kwa Dereva wa Jiji la Dodoma

Hasira za barabarani ni hali ambayo dereva, baada ya kuudhiwa na kitendo cha mtumiaji mwingine wa barabara, huacha kuendesha kwa lengo la kufika na kuanza kuendesha kwa lengo la kujibu. Maana hii imechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa inatenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa: kuudhika, jambo ambalo hakuna dereva awezaye kuliepuka kabisa, na kulipiza, ambako ni uamuzi hata pale unapochukua sekunde moja tu kufanyika. Dereva anayenung'unika peke yake bado yuko safarini kwenda kazini. Lakini yule anayekanyaga mafuta ili bajaji iliyomchomekea ikose nafasi ya kuingia kwenye mstari ameshasahau kazi, na shauri lake sasa ni na ile bajaji. Kutoka hapo hadi kushuka garini na kushikana mashati si mbali. Nchini Marekani tatizo hili lilipata jina mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya madereva kufyatuliana risasi kwenye barabara kuu za Los Angeles mwaka 1987. Dodoma haijafika huko, lakini mbegu ni ile ile, nayo huonekana kila asubuhi ya siku ya kazi.

Mwongozo huu unamlenga dereva wa kawaida wa jiji hili, awe mtumishi wa umma anayekwenda Mtumba, mfanyabiashara wa Soko la Majengo, mzazi anayepeleka watoto shule, dereva wa daladala ya Sabasaba au mwenye bodaboda yake kijiweni. Unashikilia hoja moja: kinachomchoma dereva mara nyingi ni maana anayoipa tendo la mwenzake kuliko tendo lenyewe, na maana hiyo huzidi kuwa mbaya kadiri dereva anavyobanwa na saa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tiba hupatikana kabla injini haijawashwa, na sehemu iliyobaki hupatikana katika sekunde chache zinazofuata uudhi.

Jiji lililokua kuliko mazoea yake

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 mji uliendelea kuwa na barabara zenye nafasi, isipokuwa pale Bunge lilipokuwa na vikao. Mambo yalibadilika baada ya Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma; Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la manispaa. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hilo hilo. Mji unapokaribia kuongezeka mara mbili kwa miaka 10, barabara zinaweza kupanuliwa kwa bajeti na mkandarasi, lakini mazoea ya watu wanaozitumia hayana mkandarasi.

Wakazi wapya walikuja na mizigo yao, na katika mizigo hiyo yalikuwamo mazoea ya usukani. Aliyejifunza kuendesha Dar es Salaam amezoea kuchomekea, yaani kuingiza pua ya gari katika nafasi ndogo mbele ya mwingine bila kusubiri kupewa njia, na pengine kutanua, yaani kutoka kwenye mstari wa foleni na kupita pembeni, juu ya bega la barabara au upande wa magari yanayokuja, ili kwenda kuingia mbele. Kwake yeye hayo ni mbinu za kufika, wala hayana uadui ndani yake. Aliyezoea mji mdogo, kwa upande wake, huenda polepole, husimama ghafla kando ya barabara kununua zabibu, na hukata kona bila indiketa kwa kuwa zamani kila mtu alijua anakokwenda. Hawa wawili wanapokutana Nzuguni saa 1:10 asubuhi, wa kwanza humwona mwenzake kuwa mzembe na wa pili humwona mwenzake kuwa mshari, ilhali kila mmoja anafuata kanuni aliyolelewa nayo. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo la Dodoma kwa sasa, na ni vyema dereva akakielewa kabla ya kuendelea na ushauri wowote, kwa sababu mtu akishajua kwamba mwenzake anazungumza lugha nyingine ya barabara, huacha kusikia matusi pale ambapo hakuna tusi.

Ramani nayo ina mchango wake. Barabara itokayo Morogoro kwenda Singida na ile itokayo Iringa kwenda Babati hukutana mjini, na malori yanayopeleka mizigo Rwanda, Burundi na Kongo yamekuwa yakipita humo humo wanamopita wanafunzi na mama lishe. Ujenzi wa barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Februari 2022, ulikusudiwa kuyatoa malori hayo katikati ya jiji. Mtumba yenyewe iko mashariki, kwenye Barabara ya Dar es Salaam, barabara inayohudumia pia stendi kuu ya mabasi ya Nzuguni, Ihumwa na Ikulu ya Chamwino. Kwa kuwa saa za kazi serikalini huanza saa 1:30 asubuhi na kuisha saa 9:30 alasiri, maelfu ya watu hutaka njia ile ile, upande ule ule, kwa wakati ule ule.

Kuna jambo moja katika ramani hii ambalo halisemwi sana. Anayetoka mjini kwenda Mtumba asubuhi huelekea mawio, na anayerudi jioni huelekea machweo, kwa hiyo jua la uwanda huu usio na mawingu mengi humpiga usoni safari zote mbili, hasa asubuhi, na jioni kwa yule aliyechelewa kutoka ofisini. Macho yanayokunjwa kwa nusu saa huchosha kichwa, na kioo chenye vumbi la kiangazi, kikipigwa na mwanga wa jua hilo, hugeuka kuwa kama pazia jeupe ambalo nyuma yake bodaboda hutokea ghafla kana kwamba ameibuka ardhini. Dereva aliyeshtuka hukasirika, kwa maana hofu na hasira ni majirani wa mlango mmoja. Nusu ya lawama ambazo bodaboda huyo hupewa zilistahili kupewa kioo. Kufuta kioo cha mbele ndani na nje kila jioni, kuhakikisha kwamba tangi la maji ya waipa lina maji, kushusha kikinga jua na kuweka miwani ya jua mahali pa kufikiwa bila kupekua ni kazi ya dakika 2, na huzuia ugomvi mwingi kuliko mahubiri.

Jinsi hasira inavyofanya kazi

Tafiti tatu za ughaibuni zinafaa kukumbukwa na dereva wa Dodoma. Ya kwanza ilifanyika katika mji wa joto wa Phoenix, Arizona, na kuchapishwa mwaka 1986 na Douglas Kenrick na Steven MacFarlane: gari lilisimamishwa makusudi kwenye mataa ya kijani, na ikaonekana kwamba kadiri joto lilivyopanda, ndivyo madereva wa nyuma walivyozidi kupiga honi, hasa wale waliokuwa wakiendesha madirisha wazi bila kiyoyozi. Anayeendesha bila kiyoyozi mwezi Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza, anapaswa kujua kwamba sehemu ya ghadhabu anayoihisi ni joto lililovaa sura ya dereva aliye mbele yake, na kwamba chupa ya maji ndani ya gari ni kifaa cha usalama.

Utafiti wa pili, wa Anthony Doob na Alan Gross, ulichapishwa mwaka 1968 na unagusa mahali pa siri zaidi. Watafiti hao waliweka mbele ya madereva gari la kifahari, na mara nyingine gari kuukuu, lisiloondoka taa za kijani zilipowaka. Gari la kifahari lilipigiwa honi mara chache kuliko lile kuukuu. Kwa hiyo hasira huchagua. Katika jiji ambalo namba za gari husomwa kama kitambulisho, ambapo kibao cha STK hutambulisha gari la Serikali, SU la shirika la umma na kibao cheupe gari la biashara, dereva anayesema kwamba alishindwa kujizuia mbele ya bajaji ajiulize kama angeshindwa vivyo hivyo mbele ya gari la katibu mkuu. Kama angeweza kunyamaza pale, basi uwezo wa kunyamaza anao, na bajaji anastahili kuupata.

Utafiti wa tatu unahusu foleni yenyewe. Mwaka 2008 wanasayansi wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha matokeo ya jaribio ambamo magari 22 yaliendeshwa kwenye duara la mita 230, kila dereva akitakiwa kwenda kwa mwendo sawa wa takriban kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na mataa, tuta wala ajali, na bado baada ya muda foleni ilijitokeza, magari yakawa yanasimama na kuondoka kama wimbi linalorudi nyuma, kwa sababu tu mmoja alipunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, na wa nyuma yake akalazimika kusimama. Mara nyingi, basi, yule “mjinga aliyeziba njia huko mbele” hayupo. Kila anayemgandamia mwenzake na kukanyaga breki mara kwa mara ndiye anayelitengeneza wimbi hilo kwa ajili ya walio nyuma.

Kabla ya kuwasha gari

Hesabu ifuatayo ingefaa kubandikwa kwenye dashibodi. Kilomita 15 zikiendeshwa kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, huchukua dakika 18. Zikiendeshwa kwa kilomita 60 huchukua dakika 15. Faida ni dakika 3, tena pale tu barabara inapokuwa tupu, kwani penye foleni anayekimbia hukutwa na mwenzake kwenye mataa yanayofuata wakiwa wamesimama bega kwa bega. Dakika hizo 3 hupatikana kwa bei nafuu zaidi nyumbani, kwa kutayarisha sare za watoto usiku na kuweka mafuta jioni. Anayeondoka dakika 15 mapema hununua jambo ambalo haliuzwi barabarani, yaani uhuru wa kumpisha mtu bila kuhisi kwamba ameibiwa. Miezi ya Aprili hadi Juni, Bunge linapokuwa kwenye mkutano wa bajeti na jiji limejaa wageni, muda huo unafaa kuongezwa.

Misafara ya viongozi inahitaji maandalizi ya pekee ya moyo. Barabara inapofungwa kupisha msafara, dereva hana la kufanya isipokuwa kusogea kushoto, kusimama na kusubiri maelekezo ya askari. Hasira inayozaliwa hapo haina pa kwenda, na kwa kawaida humwangukia mtu wa kwanza atakayekosea baada ya barabara kufunguliwa. Dakika ya kwanza baada ya msafara kupita ndiyo ya kuwa nayo makini kuliko zote, maana kila mmoja anataka kufidia muda wake kwa pamoja. Ni busara kuwaacha wenye papara watangulie.

Ndani ya foleni

Kosa linalowasha moto mara nyingi zaidi ni kuchomekewa, hivyo linastahili kutazamwa kwa karibu. Gari linaloingia mbele huchukua, pamoja na nafasi yake, mita 12 hivi. Katika foleni inayosogea kwa kilomita 15 kwa saa, mita 12 hupitwa kwa muda usiofika sekunde 3. Hicho ndicho alichopoteza aliyechomekewa: sekunde 3, na hata wakimchomekea watu 20 kati ya Nanenane na Ihumwa hajapoteza dakika nzima. Kinachouma ni heshima, na kwa kuwa heshima haikai kwenye bampa, dereva hufanya vyema kuinua mguu kwenye mafuta, kuacha nafasi ifunguke tena, na kujisemea kwa sauti sababu moja ya kawaida ambayo yawezekana ndiyo ya kweli: hajui njia, ana mgonjwa, amechelewa, hakuniona. Kusema kwa sauti si mchezo wa kitoto. Humlazimisha mtu kutoa pumzi, na humpa ubongo maana nyingine ya kushika kabla ile ya “amenidharau” haijaota mizizi.

Nafasi kati ya gari na gari hupimwa kwa sekunde. Dereva atazame nguzo au kivuli ambacho gari la mbele linakipita, kisha ahesabu “elfu moja na moja, elfu moja na mbili”. Akikifikia kabla ya kumaliza, amegandamia mno. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde hizo 2 ndizo zinazomruhusu kufunga breki bila kushtuka. Ni kweli kwamba nafasi hiyo huwavutia wanaochomekea, na wengi huiziba kwa sababu hiyo. Hesabu ya sekunde 3 iliyotangulia inatosha kuonyesha kwamba wanajilinda dhidi ya hasara ndogo kwa kujiingiza katika hatari kubwa.

Kwenye kipilefti, jina ambalo Watanzania wameupa mzunguko wa barabara, sheria humpa haki ya kupita aliyekwisha kuingia, yule anayetokea kulia. Ugomvi huzuka kwa sababu wengine husoma ukubwa wa gari badala ya sheria. Panapokuwa na magari mengi kiasi kwamba haki hiyo haitekelezeki, au njia mbili zinapoungana kuwa moja, utaratibu wa mmoja kwa mmoja, huyu apite kisha yule, ndio unaoondoa watu haraka na kwa amani, na mara nyingi unahitaji dereva mmoja tu wa kuuanzisha kwa ishara ya mkono.

Ishara ndizo chanzo kingine cha kutoelewana. Taa kubwa zikiwashwa na kuzimwa haraka, kwa dereva mmoja maana yake ni “pita”, kwa mwingine “usithubutu, nakuja”. Madereva wa malori katika barabara ya Singida wana desturi ya kuwasha indiketa ya kushoto kumwambia aliye nyuma kwamba mbele ni salama, na ya kulia kumwonya asipite. Asiyeijua desturi hiyo hudhani lori linakata kona, na anayeiamini kupita kiasi huyakabidhi maisha yake kwa mtu asiyemjua. Dereva asipite kwa sababu ya indiketa ya mwingine bila kuona mwenyewe kwamba njia iko wazi. Honi nayo iachwe kwa kazi yake ya kuonya. Mlio mmoja mfupi huomba, mrefu hutukana, hata kama mpigaji hakukusudia.

Bodaboda anayepenya kati ya magari humkera mwenye gari, lakini ndiye asiye na bodi la chuma la kumkinga. Kuangalia vioo vya pembeni kila foleni inapotaka kuondoka, na kutofungua mlango kabla ya kutazama nyuma, ni wajibu usiopungua kwa sababu yule mwingine amekosea. Bodaboda na bajaji nao, kwa upande wao, wanashauriwa wasikae ubavuni mwa lori au basi linalotaka kukata kona kushoto, mahali ambapo dereva wake hawezi kuwaona hata akitaka.

Hasira ya mwingine inapomwelekea dereva

Kama amekosea, dereva ainue mkono wazi, aonekane, na aendelee na safari. Ishara hiyo ya nusu sekunde humaliza kesi nyingi kuliko maelezo yoyote. Kama hakukosea, ainue vivyo hivyo. Asimtazame machoni anayefoka, asimjibu, asifunge breki kumkomesha. Akiona anafuatwa, asielekee nyumbani kwake wala asisimame mahali pasipo watu, bali afunge milango, apige namba ya dharura 112 na kuelekea kituo cha polisi au mahali penye askari wa usalama barabarani. Matusi yanayoweza kuleta uvunjifu wa amani ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kumpiga mtu ni kosa kubwa zaidi. Aliyegongwa akashuka na kupiga anaweza kuingia kituoni akiwa mlalamikaji na kutoka akiwa mtuhumiwa.

Pakitokea mgongano, taa za dharura ziwashwe, pembetatu ya kuakisi mwanga iwekwe mbali ya kutosha nyuma ya gari, picha zipigwe, na majeruhi atangulizwe kuliko vyote. Fomu ya PF3 hutolewa na polisi kwa ajili ya matibabu yake. Mjadala wa nani mwenye kosa usubiri askari aje apime ajali, kwa kuwa watu wawili waliotetemeka hawajawahi kupima barabara sawasawa. Aliyegongana na bodaboda na kuona umati uliotoka kijiweni unamjia kwa vitisho ana sababu ya kwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na kutoa taarifa hapo hapo.

Anayekaa kiti cha nyuma

Wapo watu wanaozalisha hasira barabarani bila kushika usukani, na Dodoma inao wengi. Ofisa anayetazama saa kila baada ya dakika 1, akashusha pumzi nzito na kumwambia dereva “hebu pita hapo”, amemwamuru atanue bila kutamka neno lenyewe. Abiria wa daladala anayemhimiza konda kwamba dereva analala amefanya vivyo hivyo. Dereva aliyeajiriwa hubeba hofu mbili, ya barabara na ya kibarua, na ile ya pili ndiyo humfanya awashe taa kubwa mchana kweupe akiwafukuza watu njiani. Kosa likitokea, leseni inayochukuliwa ni yake.

Kwa hiyo kiongozi mwenye kikao Mtumba saa 2:00 asubuhi amweleze dereva wake saa hiyo jana yake jioni, amuulize yeye, anayeijua barabara, waondoke saa ngapi, na asubuhi awe amekwisha kufunga mkanda muda huo unapofika. Foleni ikiwashinda hata hivyo, simu ya kuomba radhi kwa kuchelewa ipigwe kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ambayo dereva ataisikia.